UZI: Sanduku la dharura kwa kliniki ya meno Pemba, kitu gani khasa kiwemo?

Daktari wa Konde (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi ni daktari wa meno na niko mbioni kufungua kliniki ndogo hapa Konde. Kiti kimeshafungwa, mashine ya kuchemshia vifaa ipo, ganzi ipo. Kilichobaki ni sanduku la dharura, na hapo ndipo ninapotaka mawazo ya waliotangulia.

Kuna muuzaji wa Dar ameniletea orodha ya sanduku lililokwisha kupangwa, dawa zaidi ya ishirini: atropini, amiodaroni, naloksoni, aminofilini, hidrokotisoni, mpaka dawa za kupandisha presha za kupitisha kwenye dripu. Bei yake si ya mchezo. Upande mwengine nimewahi kufanya kazi sehemu ambazo "sanduku la dharura" lilikuwa ampuli chache za hidrokotisoni na chupa ya dripu, basi.

Nina msaidizi mmoja na kijana wa mapokezi. Daktari wa usingizi hayuko mlango wa pili, na gari la wagonjwa likitoka Micheweni au Wete si la kufika kwa dakika mbili. Kwa hali hiyo kipi cha lazima, kipi cha kuacha? Na joto la kaskazi dawa hizi zinalistahimili?

---

Mtaa wa Vuga

Waalaykumu salaam daktari, na hongera. Watu wa kaskazini kuvuka kisiwa kizima kwa jino moja ilikuwa tabu.

Hilo sanduku la dawa ishirini liache huko huko Dar. Dawa usiyoweza kuitoa huku mikono inatetemeka na jamaa wa mgonjwa wamesimama mlangoni, hiyo si dawa ya dharura kwako. Amiodaroni utampa nani bila mashine ya kusoma moyo? Naloksoni ni ya kuondoa athari za dawa za jamii ya mofini, na wewe mofini hutumii.

Waingereza kwa madaktari wa meno wameweka vitu vinane tu: adrenalini, aspirini ya miligramu 300, glukagoni (sindano ya kupandisha sukari), dawa ya maumivu ya moyo ya kupuliza chini ya ulimi (gliserili trinitrati), midazolamu ya kifafa, glukosi ya kunywa, salbutamoli ya pumu na oksijeni. Orodha ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani inakaribiana nayo, ila wao wanaongeza dawa ya mzio ya jamii ya pritoni.

Lakini kabla ya dawa, tizama kitakachokutokea kweli. Mara nyingi kuliko yote utaona mtu anazimia. Hakula tangu asubuhi, kalala na maumivu, kaiona sindano, akapauka, jasho jembamba kipajini, akaishiwa nguvu. Huyo hataki sindano yoyote. Laza kiti chali kabisa, inua miguu juu kuliko kichwa, legeza mtandio au kola, fungua dirisha. Ndani ya dakika moja au mbili anarudi. Kinachoniudhi ni kumwona mtu kazimia kwenye kiti kilichosimama na watu wanamshikilia akae wima wakimmwagia maji usoni. Damu haifiki kichwani hivyo! Mama mjamzito mgeuze ubavu wa kushoto, tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa nyuma.

Asiporudi baada ya kulazwa, hapo ndipo ufikirie jambo jengine.

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu wa Konde, Mungu akufanyie wepesi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na ipo tabia moja nakuomba usiiingize kliniki kwako: ya kukimbilia hidrokotisoni.

Mgonjwa anavimba midomo, ngozi inatoka mabaka, kifua kinapiga filimbi, presha inashuka. Unasikia "leta hidro, leta hidro!" Hidrokotisoni inachukua masaa kufanya kazi. Pritoni inapunguza mwasho, njia ya hewa haiifungui. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 umeziondoa zote mbili katika matibabu ya mwanzo ya mzio mkali, kwa sababu watu walikuwa wanapoteza dakika kuzitafuta huku adrenalini imelala kabatini.

Dawa ni adrenalini, ile ya 1 kwa 1000, yaani miligramu moja ndani ya mililita moja. Mtu mzima nusu mililita, ndani ya msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ni mililita 0.3, chini ya hapo 0.15. Baada ya dakika tano kama hakuna nafuu, rudia. Usiipige mshipani, hiyo ni kazi ya waliozoea kuifanya. Nguo isikucheleweshe: kama ni buibui, linyanyue, kama ni suruali nyembamba, sindano inapita juu ya kitambaa.

Na mgonjwa asisimamishwe. Hata akisema "nipelekeni chooni", alale. Presha imeshuka, akisimama ghafla moyo unaweza kukatika hapo hapo. Kama pumzi inambana sana, mwache aketi huku miguu imenyooshwa mbele.

---

Tabibu Meno

Shukurani bibi. Swali kutoka kwangu, niko kituo cha serikali kusini: ganzi yetu ya lidokeini si ina adrenalini ndani yake? Adrenalini ya ampuli ikikosekana, haiwezi kutumika ile ya kwenye katriji (kichupa cha ganzi)?

---

Mtaa wa Vuga

Tabibu, nimeshaulizwa hili na zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo nalijibu kwa hesabu.

Ganzi ya lidokeini ya asilimia 2, yenye adrenalini 1 kwa 80,000, ina maikrogramu 12.5 za adrenalini kwa kila mililita. Unahitaji maikrogramu 500. Gawanya: mililita 40. Katriji ya mililita 1.8 utazihitaji ishirini na mbili, na humo ndani unamwaga lidokeini miligramu 800 kwa mtu ambaye kiwango chake cha juu, akiwa na kilo 60, ni kama miligramu 420 kwa hesabu ya miligramu saba kwa kila kilo. Utamtoa kwenye mzio umtie kwenye sumu ya ganzi. Haiwezekani kabisa. Ampuli iwepo, au kazi isianze.

---

Bint Gando

Asalaam alaykum. Mimi si daktari, naomba mnivumilie.

Mama yangu ana sukari. Ramadhani moja jino lilimzidi, akaenda kung'oa mchana kwenye kliniki moja (jina naliacha). Alikuwa kafunga, na dawa zake za sukari kameza daku. Akiwa kitini akaanza kusema maneno hayaeleweki, anatetemeka, jasho linamtiririka mpaka kanga imelowa. Daktari alidhani ni hofu. Nikamwambia ana sukari. Akaitisha glukosi. Glukosi imo kwenye kabati la dawa, kabati lina kufuli, ufunguo yuko nao mtu aliyekwenda kusali Adhuhuri. Mimi ndiye niliyetoka mbio mpaka duka la jirani nikaja na soda. Muuza duka alinitizama vibaya, mchana wa Ramadhani, nikamwacha na pesa juu ya meza.

Alhamdulillahi mama alirudi. Lakini naandika ili daktari wa Konde asikie: sukari isifungiwe.

---

Daktari wa Konde

Dada Bint Gando, pole sana, na mpe mama salamu. Nimekusikia. Glukosi na oksijeni kwangu zitakaa wazi, pahala ambapo hata kijana wa mapokezi anazifikia.

---

Nesi Mstaafu

Binti yangu, Mungu akulipe kwa mbio zako. Naongezea hapo hapo.

Mgonjwa wa sukari apimwe kidoleni kabla ya kukaa kitini, si baada ya kuanza kutetemeka. Mashine ikisoma chini ya 4 (milimoli kwa lita), usianze kazi. Akiwa anajitambua, mpe glukosi ya unga vijiko vinne vya chai katika maji, au soda ya kawaida nusu chupa (ile isiyo na sukari haimsaidii), au asali. Pima tena baada ya dakika kumi na tano. Akiwa hajitambui, mdomoni usimtie kitu, atapaliwa. Hapo ni kanula (mrija wa mshipani) na dekstrozi, yaani maji ya sukari, mshipani. Ya asilimia 10 ukiipata ni bora, haichomi mshipa. Ya 50 ipite taratibu, kwenye mshipa mnene.

Ramadhani kuna jambo la kusema kabla. Wapo watakaokataa sukari hata wakiwa wanazama, wanaona wanavunja saumu. Mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe kufungua na kulipa siku nyengine. Mwambie akiwa na akili zake, siku anapokuja kuandikisha, si wakati ameshachanganyikiwa. Na kama jino halina haraka, mpe nafasi ya usiku, baada ya futari.

---

Mfamasia wa Darajani

Nimeusoma uzi wote. Naomba niseme ya upande wangu, maana mnaongea kama dawa ikishanunuliwa imekwisha.

Adrenalini haitaki joto wala mwanga. Lebo nyingi zinasema isizidi nyuzi 25, na chumba kilichofungwa Pemba mwezi wa Februari kinapita hapo bila tabu. Iweke ndani ya pakiti yake, kwenye chumba chenye kiyoyozi au upande usiopigwa na jua. Usiigandishe. Maji yake yawe meupe kama ya kunywa. Ukiona rangi ya waridi au kahawia, imeharibika, hata tarehe ikiwa bado. Kwa sababu hiyo hiyo usije ukaivuta kwenye bomba asubuhi ukaiacha "iwe tayari". Ninachowashauri wateja wangu: chukua ampuli moja, bomba la mililita moja na sindano ya buluu, vifunge pamoja ndani ya mfuko mdogo, kisha andika juu kwa kalamu nzito MTU MZIMA 0.5. Tengeneza mifuko mitatu ya namna hiyo. Na tafadhali lisiwe bomba la insulini. Sindano yake fupi haifiki msuli, na alama zake ni za yuniti, katika fujo mtu atapotea hesabu.

Glukagoni kwa Konde siitetei. Inataka friji, na umeme ukikatika utaanza kujiuliza ilikaa nje muda gani. Dekstrozi haina maneno hayo.

Vidonge vya maumivu ya moyo vya kuweka chini ya ulimi vikishafunguliwa chupa havidumu, hesabu wiki nane. Ya kupuliza inakaa mpaka tarehe yake. Na kabla ya kumpa mtu, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90 usimpe, na umuulize kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku hiyo au siku mbili za nyuma. Zikikutana presha inaporomoka. Swali hilo liulizwe faraghani, si mbele ya mke au wakwe, la sivyo hutapata jibu la kweli. Aspirini miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima.

Midazolamu na diazepamu ni dawa zenye udhibiti, hizo ndizo za kufuli na daftari. Zinunuliwe duka la dawa lenye kibali cha ZFDA (wakala wa chakula na dawa Zanzibar) na risiti ihifadhiwe.

---

Mkoani Bandarini

Mimi fundi wa vifaa tiba, natengeneza pia mitungi. Mmeitaja oksijeni kama kitu kidogo. Mtungi una lita ngapi?

Mtungi mdogo wa lita 340, ukiufungua lita 15 kwa dakika kama inavyotakiwa kwa mtu aliyezidiwa, unakwisha ndani ya dakika ishirini na mbili hivi. Wa lita 680 unakwenda kama dakika arubaini na tano. Sasa jipigie mwenyewe kutoka Konde, gari lije, mgonjwa apakiwe, mpaka hospitali. Kama atapelekwa Abdulla Mzee huku kwetu Mkoani ni kutoka ncha moja ya kisiwa mpaka nyengine. Kwa Konde nakushauri miwili mikubwa.

Ile mashine ya umeme ya kutengeneza oksijeni usiitegemee. Nyingi zinatoa lita tano, na umeme ukikatika umebaki na sanduku. Kingine, ufunguo wa mtungi uufunge kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Nimeitwa pahala nikakuta mtungi umejaa, geji inasoma vizuri, ufunguo hakuna anayejua uliko.

---

Daktari wa Konde

Hapo kaka umenigusa. Nilikuwa nimepanga mmoja mdogo. Nabadilisha.

Na barakoa? Naona kuna ya kawaida na ile yenye mfuko.

---

Mkoani Bandarini

Yenye mfuko wa akiba, kwa anayepumua mwenyewe. Kwa asiyepumua unataka ambu (mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono), na barakoa za saizi tatu, mtoto mdogo, mkubwa na mtu mzima. Ijaribu kwa kuziba mdomo wake na kiganja kisha uibonye. Ikilegea kirahisi, ina tundu.

---

Mtaa wa Vuga

Nimerudi baada ya Isha. Mawili matatu ambayo sikuyataka yapotee.

Pumu. Salbutamoli ya kupuliza ni rahisi, lakini mtu anayehema hawezi kuivuta sawasawa. Anahitaji chupa ya kati, baina ya pampu na mdomo. Ikiwa huna ya kiwandani, chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa tundu kitakoni linalobana mdomo wa pampu, mgonjwa aweke mdomo wake kwenye mdomo wa chupa. Hili si la kubuni mtaani. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 uliwapima watoto wenye pumu na chupa hizo zikafanya kazi kama za kununua. Puliza moja, avute pumzi kadhaa, puliza nyengine, mpaka kumi. Na ukimaliza kung'oa, usimwandikie diklofenaki au ibuprofeni mtu mwenye pumu bila kumuuliza kama zimewahi kumbana kifua.

"Mzio wa ganzi". Nusu ya wagonjwa wangu wanaosema wana mzio wa ganzi, ukiwauliza vizuri wanakwambia moyo ulikwenda mbio na mikono ikatetemeka kwa muda mfupi. Hiyo ni adrenalini imeingia mshipani, ndio maana tunavuta kidogo bomba kabla ya kusukuma. Mzio wa kweli wa lidokeini ni nadra mno. Jihadhari zaidi na amoksilini, glovu za mpira, na kitu ambacho wengi hawakifikirii: klorheksidini, dawa ya kuoshea kinywa. Uingereza ilitolewa tahadhari 2012 baada ya wagonjwa kufa kwa mzio walipooshwa nayo tundu la jino. Kuoshea kidonda maji ya chumvi ya hospitali yanatosha.

Kifafa. Toa kila kilicho mdomoni kabla hajakaza meno, sogeza trei na taa, kisha mwache. Kijiko, kitambaa, kidole, hakuna kinachoingia mdomoni. Tizama saa. Ikipita dakika tano ndipo midazolamu, mtu mzima miligramu 10, baina ya shavu na ufizi.

Moyo ukisimama. Laza kiti chali, ingiza stuli yako chini ya mgongo wa kiti ili kisinesenese, kisha bonyeza kifua sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, thelathini kwa pumzi mbili. Bila ile stuli sehemu ya nguvu yako inamezwa na kiti. Jaribuni leo, mtaona wenyewe. Mashine ya kushtua moyo ni ghali, sikatai, lakini ni bora ukaanza kuiwekea pesa kuliko lile sanduku la Dar.

---

Msuka

Mimi mgonjwa tu, mkaazi wa jirani na Konde. Nauliza: mtu wa kawaida aseme nini anapofika kwa daktari wa meno? Maana wengi tunafika, tunafungua mdomo, kwisha.

---

Nesi Mstaafu

Swali zuri mwanangu. Sema una maradhi gani: presha, sukari, pumu, kifafa, moyo. Sema dawa unazotumia, na ukiweza zilete mkononi na makaratasi yake, za miti shamba pia. Sema kama dawa yoyote imewahi kukuvimbisha. Mwenye pumu aje na pampu yake. Na kula kabla hujaja, isipokuwa umefunga au umeambiwa usile.

---

Tabibu Meno

Mimi naomba tusisahau watu. Kituoni kwetu tuna vifaa karibu vyote mlivyovitaja. Tulipofanya mazoezi, mimi nikijifanya ndiye mgonjwa, kila mmoja alikimbilia sanduku na hakuna aliyepiga simu. Sasa tumegawana: daktari habanduki kwa mgonjwa, msaidizi analeta oksijeni na sanduku, wa mapokezi anapiga simu kisha anatoka barabarani kulipokea gari, kwa sababu dereva asiyeujua uchochoro wetu atazunguka. Namba ya daktari wa zamu na ya dereva zimeandikwa ukutani juu ya simu, kwa herufi kubwa. Tunarudia kila mwezi, siku ile ile tunayokagua tarehe za dawa. Sanduku tukishalikagua tunalizungushia plasta yenye tarehe na saini. Plasta ikikatika, mtu kalifungua, tunahesabu upya.

---

Daktari wa Konde

Wazee wangu na wenzangu, nashukuru kwa dhati. Muuzaji wa Dar nimeshampigia, nimemwambia hapana. Nitakachonunua: mitungi miwili ya lita 680, ambu na barakoa zake, adrenalini, salbutamoli, glukosi na dekstrozi, aspirini, ya kupuliza chini ya ulimi, midazolamu, mashine ya sukari, ya presha na ya kupima oksijeni kidoleni. Saksheni ya mkono (ya kufyonza mate na damu) pia, umeme ukikatika ile ya kwenye kiti haivuti.

Tatizo moja limebaki. Adrenalini inauzwa pakiti ya ampuli kumi. Kwangu kumi zitaisha muda kabla sijazigusa.

---

Mfamasia wa Darajani

Changieni. Pakiti moja igawiwe kliniki tatu za Pemba, kila moja ichukue tatu, moja ibaki ya mazoezi ya kuvunja ampuli na kuvuta dawa. Kila mmoja apate nakala ya risiti na kipande cha boksi chenye namba ya toleo na tarehe. Ya safari hii nitawachagulia yenye tarehe ya mbali. Kwenye boti isafiri ndani ya kikasha cha baridi, barafu isiguse pakiti.

---

Tabibu Meno

Sisi tunapata kupitia bohari ya serikali, kwa hiyo siwezi kuingia kwenye mchango. Ila namjua mwenye kliniki Chake ambaye zake zinaisha mwezi ujao. Nitamwambia akutafute hapa hapa jukwaani.

---

Karafuu Wete

Mimi ni wa tatu. Kliniki yangu iko Wete, nina mtungi mmoja na adrenalini sina hata moja. Daktari wa Konde, nitumie ujumbe wa faragha tupange nani apokee mzigo bandarini.